Hana Alimtoa, na Bado Alishona

 

Siku ya ibada ya wazazi nilipewa dakika ishirini niseme juu ya furaha ya mzazi ambaye mtoto wake amemaliza chuo kikuu. Baadaye nikaombwa niyaandike maneno yale kwa ajili ya gazeti hili la maadhimisho. Kwa hiyo sasa sisemi na watu waliokaa chini ya hema. Nasema na wewe uliyeshika gazeti mkononi. Labda uko Malaba, labda uko Tororo, labda umekaa kibandani hapa Busia unangoja wateja. Kama unasomesha, hili ni lako. Kama wewe ndiye uliyesomeshwa, hili pia ni lako, na ukimaliza kulisoma mpelekee mama yako.

Nianze na Neno. Habari ya Hana unaijua, kitabu cha Samweli wa Kwanza. Mama tasa, mke mwenzake Penina anamchokoza kila mwaka, anaenda Shilo analia mbele za Bwana mpaka kuhani Eli anadhani amelewa. Mungu anamsikia, anampa Samweli. Wahubiri wengi wakifika hapo wanafunga Biblia, sisi tunapiga vigelegele, sadaka inachukuliwa. Lakini endelea mbele kidogo, sura ya pili, mstari wa 19. Samweli ameshapelekwa Shilo anamtumikia Bwana. Mama yake amebaki kwao Rama. Na kila mwaka Hana anapopanda na mume wake kutoa dhabihu, anambebea mtoto kanzu ndogo aliyoishona mwenyewe.

Hebu fikiria hiyo kanzu. Mtoto anakua, na Hana hamwoni mwaka mzima. Anashonaje nguo ya mtu asiyemwona? Lazima akae akiwaza: sasa mabega yake yamefika wapi, mikono imerefuka kiasi gani. Kanzu ya mwaka jana haiwezi kumtosha. Kila mwaka anaanza upya. Na sijaona mahali Hana anamdai Samweli kitu. Alimtoa kwa Bwana, na bado alishona. Hilo ndilo nililokuja nalo, na mengine yote nitakayosema yanarudi hapo.

Tumetoka mbali, sisi watu wa mpakani

Mambo ya kuvuka mpaka kwa ajili ya elimu hayakuanza na watoto wetu. Makerere ilianzishwa mwaka 1922, ikiwa shule ya ufundi, na muda mfupi baadaye ikaanza kufundisha kazi ya utabibu pale Mulago. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, kijana wa Kenya aliyebahatika kuitwa Makerere alipanda treni, akapita Tororo akiuona ule mwamba, akaendelea. Chuo cha udaktari cha Nairobi hakikuwepo mpaka mwaka 1967. Kabla ya miaka hiyo ya 1960, aliyetaka kusomea udaktari bila kutoka Afrika Mashariki alielekea Kampala. Wazee wetu walisindikiza watoto stesheni bila simu, bila kujua lini barua itafika.

Leo vyuo vimetusogelea mpaka mlangoni. Busitema ilianzishwa mwaka 2007, na udaktari wake unasomewa Mbale. Upande wa Kenya, Alupe, mahali ambapo wazee wanapakumbuka kwa hospitali ya ukoma, sasa ni chuo kikuu kamili tangu mwaka 2022. Mtoto wa Busia anaweza kusoma na wikendi akarudi nyumbani kula ugali wa mama yake. Tumshukuru Mungu kwa hilo, jamani. Sema amina hapo ulipo.

Binti yetu alisomea udaktari Mbale. Kwa Uganda hiyo ni miaka mitano. Aliingia mwaka 2018, tukahesabu kwa vidole: 2023 anamaliza. Lakini Machi 2020 ugonjwa wa korona ulikuja, vyuo vyote na shule zote za Uganda zikafungwa. Vikafunguliwa kwa awamu, Juni 2021 vikafungwa tena. Wenye watoto wadogo mnakumbuka, shule za msingi na za sekondari hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Na hapa mpakani mambo yalikuwa yale yale ya kufungwa: malori ya mizigo ndiyo yaliruhusiwa kupita, madereva wakipimwa, foleni zikirefuka kilomita nyingi. Mimi nauza omena, mukene kwa wenzetu wa Uganda. Mtu wa miguu kama mimi haruhusiwi kuvuka, sasa nitauzia nani? Ndiyo maana binti yetu alivaa joho mwaka 2024, sita badala ya mitano.

Baba yake alianza maisha kwa kubeba watu na baiskeli, akiwatoa boda hii akiwafikisha boda ile. Ile kazi ambayo leo Afrika Mashariki nzima inaiita boda boda, wazee wa hapa watakuambia jina lake lilizaliwa kwetu. Mimi nikauza omena kwa shilingi ya Kenya, karo ikalipwa kwa shilingi ya Uganda. Anayefanya biashara mpakani anajua maana yake. Pesa unayo mkononi, lakini shilingi ya Kenya ikishuka wiki ile ya kulipa, kile ulichokuwa umekihesabu kimepungua kabla hujafika kwa mbadilisha pesa.

Amemaliza nini hasa?

Sisi wazazi tunaona joho, kofia na picha. Nataka nikuambie kilicho chini ya joho, kwa sababu usipokijua utamshonea mtoto kanzu isiyomtosha.

Miaka miwili ya kwanza ya udaktari ni kuujua mwili: mifupa, mishipa, damu, jinsi kila kiungo kinavyofanya kazi. Wanajifunza juu ya maiti. Mtoto aliyekuwa anaogopa kuchinja kuku anaambiwa ashike kisu na afungue mkono wa binadamu, ataje kila mshipa kwa jina. Halafu wanaingia wodini. Wodi ya watu wazima, ya watoto, ya upasuaji, ya kina mama. Anasimama saa nyingi nyuma ya daktari mkubwa, anaulizwa maswali mbele ya mgonjwa na mbele ya wenzake. Usiku ana zamu. Na akianguka mtihani wa somo moja anaweza kuurudia, wakati wenzake wanasonga mbele.

Na akishamaliza hayo yote, akavaa joho, ukapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, bado. Kuna mwaka mmoja wa intanshipu katika hospitali, chini ya uangalizi, ndipo asajiliwe kuwa daktari kamili. Na hiyo intanshipu haimngoji mlangoni. Wahitimu wa Uganda wamewahi kukaa nyumbani miezi wakisubiri kupangiwa hospitali. Kenya pia unajua yaliyotokea: mgomo wa madaktari ulioanza Machi 2024 ulidumu siku 56, na jambo mojawapo kubwa lilikuwa hao hao vijana wa intanshipu, waliokuwa wanasubiri kupangiwa na waliokuwa wanabishaniwa watalipwa kiasi gani. Kwa hiyo haya si mambo ya nyumba moja, wala ya upande mmoja wa mpaka.

Miezi ya kusubiri

Binti yetu naye alisubiri. Na hapa nakuomba usome polepole, kwa maana hapa ndipo wengi wetu tunaumiza watoto bila kunuia.

Baada ya mahafali, sokoni jina langu lilibadilika. Nikawa Mama Daktari. Ni jina tamu, sitakudanganya. Unapita na beseni lako la omena, mtu anakuita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Daktari, hongera!" Lakini baada ya miezi miwili hongera ziligeuka kuwa maswali. "Daktari ameshaanza kazi?" "Anafanya hospitali gani?" "Ameshakununulia nini?" Watu wakaanza kuja nyumbani jioni. Mmoja ana mtoto wa kidato cha tatu amekosa karo. Mwingine ana dawa za mama yake. Ndugu wa ukoo akaja na hesabu ya miaka, kwamba mwaka 2019 aliuza ndama kutuchangia, sasa anajenga na anahitaji mabati.

Siku moja Jumapili naona binti yangu hajavaa. Nikamwuliza, "Mama, huendi kanisani?" Akasema, "Mama, nitaomba hapa nyumbani. Kule kila mtu ananiuliza, na mimi sina jibu."

Msomaji, mtoto aliyeombewa na kanisa hili miaka sita alikuwa anaogopa kuingia kanisa hili. Si kwamba ametenda dhambi. Kosa lake ni kwamba amemaliza chuo na bado hajalipwa.

Wiki hiyo tuliita watu wa ukoo, mimi na baba yake. Baba yake ni mtu wa maneno machache. Alisema hivi: "Karo tuliyolipa haikuwa mkopo. Mliotuchangia, mlitusaidia sisi, hamkumsaidia yeye. Kama kuna deni la shukrani, liko kwetu sisi wazazi. Huyu mtoto mwacheni."

Watu wengine hawakufurahi. Yule wa mabati alisema, "Sasa mmesoma, mmekuwa wakubwa." Nami namwelewa, kwa sababu ndama ni ndama. Aliuza kitu cha kweli, na sisi tulipokea. Kwa hiyo baada ya kikao kile tulifanya jambo ambalo nataka ulichukue kutoka gazeti hili hata kama mengine yote utayasahau.

Tulizunguka kushukuru

Tulikaa tukaandika majina kwenye daftari. Kila aliyetoa kitu katika miaka ile sita. Wale wa chama chetu cha kina mama, walionipa zamu yangu ya pesa mapema wakati wa mtihani. Dereva wa matatu, taksi kwa watu wa Uganda, aliyembeba mara nyingi mpaka Tororo na kusema, "Utalipa siku nyingine." Mwalimu wake wa kemia wa sekondari. Familia ya ushirika pale Tororo waliomlaza usiku aliokosa gari la kwenda Mbale. Mchungaji na mama mchungaji. Na ndugu yetu wa ndama.

Halafu tukazunguka, mimi na mume wangu, nyumba kwa nyumba. Tulibeba sukari na sabuni, kwa wengine omena. Hatukwenda na binti. Tulisema, "Mlitubeba, tumekuja kushukuru." Tukaomba pamoja, tukanywa chai, tukaondoka. Ilituchukua majuma kadhaa, maana wengine wako ng'ambo na lazima biashara iendelee. Kwa ndugu wa ndama tulienda mara mbili. Mara ya pili tulimpelekea kuku na pesa kidogo kutoka mfuko wetu sisi, si kumlipa ndama, bali kumwonyesha hatukusahau. Alitucheka kidogo, halafu alituombea. Mwaka huu alikuja ibada ya wazazi, akakaa mbele.

Unaona tofauti? Mtu aliyechangia anataka kukumbukwa. Ukimkumbuka wewe mzazi, mzigo unashuka begani mwa mtoto. Usipomkumbuka, ataenda kujitafutia shukrani yake kwa mtoto, na ataiita deni.

"Kwani mtoto asisaidie wazazi?"

Najua unauliza hilo, kwa sababu siku ile mzee mmoja aliuliza kwa sauti. Nikamjibu na nakujibu wewe: asaidie. Kuwaheshimu baba na mama ni amri, na Bwana Yesu mwenyewe katika Marko sura ya saba aliwakemea watu waliotumia neno la dini, korbani, ili wasiwape wazazi wao kitu. Mtoto anayepata na kuwaacha wazazi wake na njaa, huyo hajafunzwa, hata awe na digrii tatu.

Lakini kuna kusaidia na kuna kudaiwa. Mtoto anayesaidia ameangalia alichonacho, akaona uhitaji wako, moyo ukamsukuma. Mtoto anayedaiwa anaanza kukwepa simu yako. Zaburi ya 127 inafananisha watoto na mishale mkononi mwa shujaa. Mshale una kazi gani? Hautengenezwi ukae ndani ya podo upendeze. Ukiufunga kamba kwenye mkono wako ili usiende mbali, hautafika popote, na kamba itakukata vidole.

Sisi watu wa hapa tuna mfano wa nyumba moja inayojulikana, nyumba ya Canon Jeremiah Awori na Mama Mariamu. Yeye alikuwa mtumishi wa kanisa la Anglikana, si mlokole wa aina yetu, lakini mchaji wa Mungu. Watoto zaidi ya kumi. Angalia mishale ile ilikwenda wapi. Moody alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003 hadi 2008. Aggrey akaenda kusoma Harvard kule Marekani, akarudi upande wa Uganda, akawa mbunge wa Samia Bugwe, mwaka 2001 akagombea urais wa Uganda, na baadaye akawa waziri. Nelson akawa daktari wa upasuaji. Mary, tunayemjua kama Mary Okelo, akaingia benki wakati wanawake hawakuwa mameneja, na akaanzisha shule. Baba mmoja, mama mmoja, nchi mbili.

Na mimi katika hao wote huwa namfikiria Moody akiwa waziri anayeshughulikia magereza. Watu wanamkumbuka kwa marekebisho ya magereza: wafungwa waliokuwa wanalala sakafuni wakapata magodoro, wakapata nguo za heshima. Hebu jiulize, yule mfungwa aliyelala juu ya godoro kwa mara ya kwanza, alikuwa ndugu wa Mama Mariamu? Hapana. Matunda ya malezi yake yalienda kuliwa na watu asiowajua. Digrii ya mtoto wako iko hivyo. Wengi watakaokula matunda yake hutawahi kuwaona, na hawatakuja kwako na sukari.

Kanzu ya mwaka huu

Mungu ni mwema, jina la binti yetu lilitoka. Sasa yuko hospitalini anafanya intanshipu. Na mimi nilidhani kazi yangu ya maombi imepungua. Miaka sita nilikuwa nasimama usiku nikisema, "Bwana, apite mtihani." Sasa amepita, naomba nini tena?

Usiku mmoja simu ililia saa nane. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za wodi. Alisema, "Mama, leo kuna mtoto amefariki nikiwa nimemshika. Tulijaribu kila kitu." Halafu akanyamaza. Nikasikia tu watu wakipita na viatu.

Sasa wewe, kama Mama Daktari, ungesema nini? Hongera hazifai hapo. Maswali ya mshahara hayafai. Hata ile fahari ya sokoni haina mahali pa kukaa katika simu kama hiyo. Nilimwuliza jina la mtoto yule. Akanitajia. Nikamwuliza kama mama wa mtoto ana mtu wa kukaa naye. Akasema bibi amefika. Tukaomba kwa ajili ya huyo mama, palepale, yeye kwenye ngazi na mimi kitandani na baba yake ameamka amekaa. Halafu akasema, "Asante, Mama. Narudi ndani." Bado kulikuwa na wagonjwa.

Asubuhi nilimwelewa Hana. Maombi ya mtihani ilikuwa kanzu ya mwaka jana. Ilikuwa nzuri, ilimtosha wakati ule. Lakini huyu si yule msichana tena. Amekua, ana mabega mengine, na ana mizigo ambayo mimi sijawahi kuibeba. Lazima nianze kushona upya. Nimeanza kujifunza majina ya idara anazozunguka, ili nijue naomba nini. Mwezi huu yuko wodi ya kina mama, basi naombea mikono yake na macho yake, na damu iwepo hospitalini inapohitajika. Akihamia upasuaji, nitaomba mengine.

Kwako unayesomesha sasa

Nimalizie na mambo machache ya nyumbani, ya mtu na mtu.

Sherehe ya mahafali ifanye, usiache. Mtoto amefanya kazi, apigiwe vigelegele. Lakini usikope kwa ajili ya hema na mabasi. Mkopo wa sherehe utamfuata mtoto kwenye miezi yake ya kusubiri. Pilau ya nyumbani na watu wa kanisa inatosha.

Ukisimama kutoa ushuhuda, mkumbuke aliyekaa kiti cha nyuma ambaye mtoto wake aliacha shule, au alianguka, au amesomea uchomeleaji na anafanya kazi yake vizuri pale Tororo. Sema habari za Mungu zaidi ya habari za mtoto. Penina pia alikuwa na watoto, na furaha yake ilimliza mwenzake.

Wewe unayemwona mhitimu kanisani, acha kumwuliza ameanza kazi lini. Mwulize, "Tukuombee nini wiki hii?" Na ninyi wazee wa ushirika, hawa vijana wanaosubiri msiwaache wakae nyumbani wakihesabu ukuta. Wapeni kitu cha kufanya. Binti yetu alirudi kanisani baada ya mama mchungaji kumwomba afundishe wasichana wa sekondari baiolojia siku za Jumamosi. Hakulipwa. Lakini alipata mahali pa kuingia akiwa na jibu.

Na kama wewe ni baba au mama, na kesho ni siku ya mwisho ya kulipa karo, umehesabu pesa mara tatu na bado hazijatosha, nakuombea. Mungu wa Hana akuone. Akufungulie mlango pale usipoutegemea, upande huu wa mpaka au ule. Akupe watu wa kuandika kwenye daftari lako. Na siku mtoto wako atakapovaa joho, akupe moyo wa kumwachilia aende alikotumwa, na nguvu za kuendelea kushona.

Katika jina la Yesu. Amina.